Dashibodi ya Mukau

Gari la zamani likipita Machakos mjini, kila mtu huona anachokipenda. Watoto wa shule huona rangi. Vijana wa bodaboda huangalia magurudumu na kusikiliza mlio. Wazee waliosimama nje ya benki huona ujana wao. Mwenye gari peke yake haoni chochote kati ya hivyo, kwa sababu yumo ndani. Anachokitazama yeye safari nzima ni ubao mmoja ulio mbele ya magoti yake: dashibodi, na geji zake, na swichi zake. Ndiyo maana huwa nashangaa nikimwona mtu ametumia pesa nyingi kulipiga gari rangi, kisha akaiacha dashibodi ikiwa imepasuka, akaifunika kwa kitambaa cha kushonwa. Amewatengenezea wapita njia gari, naye akabaki anaendesha mabaki.

Langu ni Triumph TR4A, gari dogo la spoti lenye paa la turubai, la aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1965 hadi 1967. Umbo lake lilitoka mkononi mwa Mwitaliano Giovanni Michelotti, aliyelichora kwanza kwa ajili ya TR4 ya 1961. Nililipata katika vilima vya Mua, ghalani mwa familia iliyolirithi pamoja na shamba la matunda, bamba lake la namba likiwa bado lile jeusi linaloanza na KH. Injini haikunisumbua. Ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,138, na ni ndugu wa damu wa injini zilizowekwa katika trekta za Ferguson, kwa hiyo mafundi wa Ukambani waliokulia kwenye trekta waliifungua na kuifunga kana kwamba wameijua miaka yote. Habari za injini naziacha hapo.

Kilichonishika ni ubao. Mbele ya dereva, TR4A ina geji mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini. Katikati kuna nne ndogo: petroli, joto la maji, presha ya oili na ampmita. Kwenye ncha mbili kuna matundu ya kupuliza hewa usoni, jambo ambalo TR4 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza duniani kuwa nalo. Na vyote hivi vimekaa juu ya mbao. Kiwandani, dashibodi ya TR4A ilifunikwa kwa ngozi nyembamba ya walnati, mti wa kahawia wenye mishipa mieusi ambao maseremala wa Uingereza wameupenda kwa karne nyingi, kisha ikapakwa vanishi mpaka ikang'aa.

Hiyo ndiyo habari ya kiwandani. Ghalani Mua nilikuta kitu kingine. Vanishi ilikuwa imegeuka njano na kumeguka vipande. Ngozi ya walnati ilikuwa imeachana na plaiwudi kuanzia juu, karibu na kioo, na kujikunja. Mtu mmoja wa zamani alikuwa ameongeza swichi mbili za taa za ziada kwa kutoboa mashimo kwa kitu butu, na katikati alikuwa amekata mraba wa kuweka redio ambayo haikuwepo tena.

Nilitaka kuelewa kwanza jinsi ubao unavyokufa, kabla ya kuweka mwingine mahali pake. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Julai huwadanganya wageni, lakini jua la huku linapita katika hewa nyembamba, na miale ya urujuanimno haina huruma. Miale hiyo huvunja vanishi kwanza, kimyakimya, kwa miaka. Vanishi ikishapata nyufa, zinakuja mvua za Novemba, na gari lenye paa la turubai haliwezi kuzuia unyevu wote. Plaiwudi inavimba. Januari na Februari inakauka na kusinyaa. Machi inavimba tena. Ngozi ya juu na plaiwudi ya chini hazitembei kwa kipimo kimoja, na gundi iliyo katikati ndiyo inayolipa. Ubao wangu ulikuwa umeuawa na misimu, wala si na mtu, isipokuwa yule wa swichi.

Magari yenye dashibodi ya plastiki hayajapona pia. Rafiki yangu ana Datsun 240Z, gari la aina ile ile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za magari za Safari za 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena nayo 1973. Tuliokulia Ukambani tunazijua zile Pasaka za mbio hizo: unaamka alfajiri kwenda kusimama kando ya barabara ya vumbi, unasikia mlio kabla ya kuona taa. Dashibodi ya 240Z ni povu lililovishwa plastiki juu ya fremu ya bati. Mafuta yanayoilainisha plastiki yakishayeyuka na kutoka, ngozi inasinyaa, na kwa kuwa imeshikwa pande zote haina pa kwenda ila kupasuka. Ni vigumu kupata 240Z iliyoishi juani ambayo dashibodi yake ni nzima. Kwa ubao, angalau, seremala ana la kufanya.

Njia rahisi ilikuwa kuagiza. Uingereza kuna watu wanaotengeneza dashibodi mpya za TR4A, za walnati, mashimo yote tayari, zinakuja kwenye sanduku. Kuna nauli na ushuru, lakini si hayo yaliyonizuia. Nilijiuliza swali ambalo bado naliona kuwa la haki: gari hili limeishi wapi? Lilikaa Uingereza muda wa kutengenezwa na kupakiwa melini. Maisha yake yote mengine limeyaishi hapa. Limekula vumbi la Masii na Kithimani, limelala ghalani kwenye harufu ya parachichi. Ubao mpya wa walnati ungekufa vile vile ulivyokufa wa kwanza, kwa sababu zile zile, na mimi nisingekuwa nimejifunza lolote ila jinsi ya kufungua sanduku. Isitoshe, wale wa Coventry hawakuchagua walnati kwa sababu ya sheria iliyoandikwa mbinguni. Walichukua mti ambao mafundi wao waliuzoea, wakaufanyia kazi kwa ustadi waliokuwa nao. Nikaona kuwa namna bora ya kuwaheshimu ni kufanya kama walivyofanya, kwa mti wetu na ustadi wetu.

Mti wenyewe haukunichukua muda kuuwaza. Ni mukau.

Kwa asiyeujua, mukau ni mti wa nyika kavu za Afrika Mashariki, unaota kwetu Ukambani, Taita, Tharaka na kwingine kama huko, hadi Ethiopia, Somalia na Tanzania. Wataalamu huuita Melia volkensii. Mbao yake ni ya kahawia yenye wekundu, ina mishipa inayoonekana vizuri, na mchwa hawaigusi. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kutoka magogo yake na kuitundika juu ya mibuyu na migunga, ikakaa huko miaka na miaka katika jua na mvua. Hicho ndicho kipimo nilichokitaka. Mbao inayostahimili kuwa mzinga Ukambani haiwezi kushindwa kuwa dashibodi.

Mukau pia ni mti wa kiangazi kwa maana nyingine. Hutoa majani mapya kabla ya mvua kunyesha, wakati ambapo nyasi zimekwisha kabisa, na nakumbuka mwaitu, mama yangu, akiwakatia mbuzi matawi yake wakati hakuna kitu kingine cha kijani hadi upeo wa macho. Mbuzi huyapenda matunda pia. Lakini usidhani kwamba kwa sababu ni wa porini basi unaota kwa urahisi. Mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu sana, na hata ukilipasua, mbegu yenyewe ina ngozi inayokataa maji. Ukiipanda hivyo, itaoza. Watu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, kule Kitui, wamefanya kazi ya miaka mingi pamoja na shirika la Kijapani la JICA kutafuta namna ya kuuotesha na kuchagua miti mama iliyo bora: unapasua kokwa bila kuiumiza mbegu, unaikata ncha, unailoweka, unaipasulia ngozi kwa wembe. Ni kazi ya mkono mtulivu. Leo kuna wakulima Kitui, Makueni na Machakos wenye mashamba ya mukau, mti unaovunwa baada ya miaka kumi na kitu, na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wengi wakagundua kwamba mbao za mashambani mwao zina thamani. Mbao yangu ilitoka shamba la aina hiyo, upande wa Kitui, na ilikuwa imekaa kivulini ikikauka kwa zaidi ya mwaka mmoja. Muuzaji alitaka kunipa iliyokatwa karibuni, kwa bei nafuu. Niliikataa. Mbao mbichi ni nzito kwa maji, na maji hayo yatatoka siku moja, ama kabla ya kazi ama baada yake.

Kutafuta mikono ya kuifanyia kazi, nilienda Wamunyu.

Barabara ya Machakos kwenda Kitui inapita Masii, kisha inashuka taratibu kwenye nchi inayozidi kuwa kavu mpaka Wamunyu, na huko, kando ya njia na nyuma ya maduka, utasikia sauti ya tezo. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, huu uliojaza maduka ya watalii kuanzia Nairobi hadi Mombasa, ulianzia hapo kwa mtu mmoja, Mutisya Munge. Alikuwa mwanakijiji wa Wamunyu aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona kazi ya wachongaji wa huko. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine Wamakonde. Aliporudi alianza kuchonga mwenyewe, akawafundisha wanawe na majirani, na kutoka kwake ukatokea ufundi uliolisha maelfu ya nyumba. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliohamia Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika kule Changamwe. Kila nikipita Wamunyu huwa nafikiria kwamba ustadi wote ule uliletwa na mtu mmoja aliyeangalia kwa makini alipokuwa mahali ambapo hakuchagua kwenda.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa makamo ya juu, anayechonga wanyama na vilevile hutengeneza fenicha. Niliufungua ubao wa zamani kutoka kwenye blanketi, nikauweka juu ya meza yake ya kazi. Hakuuliza ni wa gari gani. Aliugeuza kwanza.

"Mwalimu," akasema, kwa kuwa huko wote wananiita hivyo, "huyu mbele amevalishwa koti, mgongo akaachwa uchi."

Ilikuwa kweli. Upande wa mbele wa ubao wangu ulikuwa na ngozi ya walnati na tabaka za vanishi. Upande wa nyuma ulikuwa plaiwudi tupu, iliyokauka mpaka kuwa nyeupe. Mzee akanieleza kitu ambacho vitabu vya magari ya zamani nilivyosoma havikukieleza vizuri hivyo. Unyevu huingia kupitia upande ulio wazi. Ukiingia upande mmoja tu, upande huo unarefuka na mwingine unabaki, na ubao lazima upinde. Basi chochote unachokigundisha mbele, kigundishe na nyuma: mbao ile ile, unene ule ule, gundi ile ile, mishipa ielekee upande mmoja. Nyuma hakuna atakayeiona isipokuwa fundi wa umeme, lakini ndiyo inayoshikilia mbele iwe nyoofu.

Tulikubaliana kutotumia kipande kizima cha mukau. Ubao mmoja mpana, hata uliokauka vizuri, utaendelea kuhema na misimu. Alichana mukau kuwa ngozi zenye unene wa kama milimita mbili, akazipiga randa na msasa, akazigundisha mbele na nyuma ya plaiwudi ya mashua iliyolingana na ya zamani kwa unene, kisha akaziweka chini ya mawe na vibano usiku kucha na siku iliyofuata. Ngozi ya milimita mbili ni nene kuliko ile ya kiwandani. Maana yake ni kwamba mtu atakayekuja baada yangu anaweza kuikwangua na kuipaka vanishi upya mara kadhaa kabla haijaisha.

Mashimo ndiyo yaliyonipa hofu. Geji ndogo zinahitaji tundu la milimita 52, na ukizidisha milimita mbili, ukingo wa geji hautafunika. Mzee hakutumia mashine. Aliulaza ubao wa zamani juu ya mpya, akauchora kwa penseli iliyochongwa kali, kisha akasimama akauangalia mchoro kwa muda mrefu. Mashimo ya zamani, akasema, yamekwisha kulika; ukiyafuata utanakili uchakavu. Akaniomba geji zenyewe. Akapima kila moja kwa bikari, akachora duara zake upya kutoka katikati, akakata ndani ya mstari kwa msumeno mwembamba, na akamalizia kwa tupa ya nusu duara, akijaribu geji, akiondoa, akijaribu tena, mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Yale mashimo mawili ya swichi na mraba wa redio hayakuhamishiwa kwenye ubao mpya. Nilijisikia kama nimepumua.

Kuhusu kumalizia, hatukuwa na maoni mamoja. Yeye alitaka kung'arisha kwa nta, kama wachongaji wanavyofanya, na ni kweli mukau uliopigwa nta una uhai ambao vanishi huupoteza. Lakini nta haizuii miale ya urujuanimno, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Machakos saa saba mchana nta ingelainika na kukamata vumbi. Nilimwomba tutumie vanishi ya mashua, iliyotengenezwa kukabili jua na maji, tabaka nyembamba nyingi, mbele, nyuma, na hasa ndani ya kingo za mashimo. Alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye ataipaka, na kwamba haitang'aa kupita kiasi. Kingo za mashimo alizipaka kwa unyoya wa kuku.

Kisha kukaja nyaya.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ni fundi wa umeme wa magari, ana gereji njia ya kwenda Mutituni. Ana mikono mizuri na akili ya haraka, na amelelewa na Toyota. Siku ya kwanza alichukua spana akaelekea moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Nikamwomba aangalie kwanza ni waya upi umefungwa kwenye bodi ya gari.

Ulikuwa ule chanya. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule, TR4A likiwemo, yalifungwa hivyo: chanya kwenye bodi, hasi ndiyo inayozunguka kwenye nyaya. Kanuni ya kufungua betri haisemi "anza na hasi"; inasema anza na ule ulioshikana na bodi, ili spana ikigusa chuma cha gari kisitokee kitu. Kwenye Toyota kanuni hizo mbili ni kitu kimoja, kwa hiyo vijana hujifunza ile fupi. Aliangalia, akatabasamu, akahamisha spana. Sikuhitaji kumweleza mara mbili.

Nilimkataza kufungua waya wowote kabla hajauchora. Alikuwa tayari amepiga picha kwa simu, nyingi, na picha zina faida yake. Lakini picha inaonyesha waya ulipo, haionyeshi unakokwenda. Ukichora unalazimika kuufuata kwa kidole hadi mwisho, na hapo ndipo unapougundua ule uliokatwa na kuunganishwa kwa utepe mwaka usiojulikana. Nyaya za magari haya zina lugha ya rangi: kahawia ni ya betri moja kwa moja, isiyopita kwenye fyuzi, nyeupe huamka ukifungua ufunguo, kijani ni ile nyeupe ikishapita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ya ardhi. Baada ya miaka hamsini na zaidi, kahawia, zambarau na nyekundu zote zinafanana na udongo. Tulisafisha kipande kidogo cha kila waya kwa spiriti, tukakivisha kibandiko chenye namba, tukaandika namba hiyo kwenye mchoro. Ampmita niliisisitiza kuliko vyote. Karibu umeme wote wa gari, ukiacha wa starta, unapita ndani yake kupitia zile kahawia zisizo na fyuzi. Ncha zake zikigusa chuma nyuma ya dashibodi, hakuna kitakachokatika mpaka moto uwake.

Tulipofunga kila kitu na kuwasha injini, geji mbili zilisoma juu kuliko ilivyopaswa. Tangi, ambalo nilijua kiasi kilichomo, likaonyesha lina zaidi. Maji, ambayo yalikuwa yamepata joto la kawaida tu, yakaonyesha joto zaidi ya hilo.

Nilimwachia nafasi. Akataka kubadilisha geji ya petroli. Kisha akasita, akasema polepole, zote mbili zinadanganya kuelekea upande mmoja, kwa hiyo anayedanganya si wao. Kuna kijikopo kidogo nyuma ya dashibodi kinacholisha geji hizo mbili peke yake. Ndani yake kuna vipande vya metali viwili vilivyounganishwa, vinavyopata joto na kupinda, vinakata umeme na kuurudisha, ili geji zipate wastani wa volti 10 badala ya 12. Ili kipate joto lazima kiwe na njia ya kwenda ardhini. Kwenye dashibodi ya bati njia hiyo inapatikana yenyewe. Kwenye mbao lazima waya mweusi uipeleke. Waya mweusi ulikuwepo, lakini umekalia rangi na haukugusa chuma. Akaukwangua, akaufunga, geji zikashuka mahali pake. Nimesahihisha mitihani mingi maishani, na sijui kama nimewahi kuona jibu lililonipendeza kuliko lile la "anayedanganya si wao".

Geji ya presha ya oili ilikuwa na shida yake ndogo. Haitumii umeme, bomba jembamba huleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya geji, na pale kwenye kiungo kuna kiduara cha ngozi kinachozuia kuvuja. Changu kilikuwa kimekauka na kupasuka. Fundi viatu wa karibu na stendi alinikatia vingine kutoka kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakataa kulipwa, akataka tu kuliona gari. Hakijavuja tone mpaka leo.

Na geji ya mwendo bado inasoma maili. Sikuibadilisha. Kwenye ukingo wa nje wa kioo niliweka vitone vidogo vya rangi nyekundu: kimoja kwenye maili 31, ambayo ni kilomita 50 za mjini, kingine kwenye 50, ambayo ni kilomita 80. Askari wa barabarani anaposimamisha gari sitaki kuwa nafanya hesabu.

Mwaka jana mgeni mmoja mpenda magari haya alikuja kuliona. Aliangalia kila kitu kwa heshima, akafika kwenye ubao, akanyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba nimelipunguzia gari thamani, kwa sababu si walnati. Yawezekana sokoni yuko sahihi. Lakini nilimwonyesha mgongo wa ubao pia, kwa kuchuchumaa na tochi, ili aone mukau uliofika hadi pasipoonekana, na sidhani alikuwa amewahi kuangalia huko kwenye gari lake mwenyewe. Ubao umepita misimu kadhaa ya mvua. Haujapinda. Rangi yake imezidi kuiva kuelekea wekundu, kama mzee wa Wamunyu alivyoniambia itakavyokuwa.

Yule kijana wangu wa umeme sasa ana hoja mpya. Anataka tugeuze mfumo mzima, hasi iwe kwenye bodi, ili aweke chaja ya simu na hapo baadaye altaneta ya kisasa. Ananipiga kwa fimbo yangu mwenyewe: "Mwalimu, kama mukau umekubaliwa kwa sababu gari linaishi hapa, mbona nyaya zisikubaliwe?" Nimemjibu kwamba ubao ulikuwa umekufa na umeme huu haujafa, kilichokufa tunakibadilisha kwa bora tulicho nacho, kinachofanya kazi tunakijua na kukitunza. Akaniuliza nitafanya nini gari likizima usiku kati ya Wamunyu na Kitui, simu haina chaji. Ni swali zuri. Mchoro wake ninao mezani. Ni sahihi karibu wote: amegeuza ncha za koili, amekumbuka kuizoesha dainamo upya, na ameandika kwamba geji ya mizunguko haihusiki kwa kuwa inaendeshwa na kebo. Alichosahau ni kubadilishana nyaya mbili za ampmita, na bila hilo sindano ingeonyesha betri inaliwa kumbe inajazwa. Nimemwandikia hayo pembeni. Kama tutaufuata au la, bado hatujaafikiana.